Mgombea asiye na chama

Mkazi wa Kasingirima, hapa Tanzania, asiye na kadi ya chama anapiga kura, lakini hawezi kugombea hata udiwani wa kata yake. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama Kuu ilimkubali mgombea binafsi. Mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba na kumzuia. Marekani, mabadiliko 10 ya kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yaliongeza haki. Haya yetu yalipunguza.

Sasa tusikie upande wa pili. Watetezi wa sharti la mgombea kuwa na chama husema vyama hulinda umoja wa taifa. Hoja nzito, ila haitoshi: mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, hapo Arusha, iliona haki imevunjwa.

Je, msikilizaji, nani aamue kama unafaa kugombea: wapiga kura wa kata yako au kikao cha chama?