Tusisukume Kabla ya Kusikiliza



Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umefunika vilima vya Iveti, sisi wazee watatu wa kanisa tulikuwa mjini Machakos, tayari kwenda Mitaboni. Huko aliishi kijana mmoja, mwimbaji wa kwaya yetu, ambaye kwa miezi mitatu hakuonekana ibadani. Tulikuwa tumekwisha kukata shauri kwamba amerudi nyuma, na maneno ya kumkemea tulikuwa nayo mdomoni.

Lakini gari letu, kuukuu la miaka ya 1970, lilikataa kuwaka. Mmoja wetu akasema, "Ni betri." Sote tukakubali. Tukalisukuma mpaka jasho likatutoka, lisiwake. Tukaazima betri nyingine, lisiwake.

Ndipo tukamwita fundi mmoja mzee wa jua kali. Hakushika spana. Aliuliza kwanza, "Mkizungusha ufunguo, mnasikia nini?" Hatukuwa na jibu, maana hatukuwa tumesikiliza. Akairudisha betri yetu, akatuagiza tuwashe taa za mbele, kisha tuzungushe ufunguo. Taa hazikufifia, na stata ikazungusha injini kwa nguvu.

"Betri haina hatia," akasema. "Taa zingefifia, ningetazama betri, na vichwa vyake kama vina unga mweupe. Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, mara nyingi imekosa petroli au imekosa cheche."

Akahakikisha kwamba petroli inafika kwenye kabureta. Kisha akachomoa plagi moja, akaifunga kwenye waya wake, akaigusisha chuma cha injini, nasi tukazungusha. Hakuna cheche.

Akafungua kifuniko cha distributa, akatuonyesha pointi. Ni vipande viwili vidogo vinavyofunga na kufunguka, ili koili igeuze umeme wa volti 12 kuwa maelfu ya volti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000, na polepole huungua. Zetu zilikuwa nyeusi kabisa. Akazipitisha msasa laini, akapima nafasi kati yake, na gari likawaka.

Njiani tulikuwa kimya. Tuliikumbuka Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, nao wakataka kujua kosa lilikuwa lake au la wazazi wake. Bwana Yesu alizikataa hukumu zote mbili, akamponya. Nasi tulikuwa tukienda na hukumu mkononi, kama tulivyoihukumu betri.

Tulipofika hatukukemea. Tulimwuliza, "Mwanetu, habari za siku zote hizi?" Akatupeleka chumba cha ndani. Mama yake alikuwa kitandani, hawezi kuinuka, na kijana huyo ndiye peke yake wa kumlisha na kumgeuza. Kwa miezi mitatu hapakuwa na mtu wa kanisa aliyepiga hodi. Kasoro haikuwa kwake, ilikuwa kwetu. Tulimwomba radhi, na alasiri ile gari lile lile likampeleka mama hospitalini.

Ndugu zetu, nyumbani mwetu yumo mtoto anayeshindwa na masomo, nasi twamwita mvivu. Yumo mume aliyenyamaza, au mke asiyecheka tena. Kanisani kuna kiti kilichobaki kitupu. Twasukuma, tena twasukuma kwa nguvu, na hakuna kinachowaka. Juma hili tumwendee mmoja wao, tuulize, kisha tunyamaze mpaka ajibu. Na kama jibu litatuonyesha kosa letu wenyewe, tusilikimbie.

Tuombe. Ee Bwana, wewe watujua kabla hatujasema neno. Utupe masikio ya kusikiliza kabla ya kuhukumu, na mikono ya kusaidia baada ya kusikia. Amina.