Milimani Hatta na Mtoto Mgongoni

Joto limepungua, na familia nyingi zinaelekea Hatta, kwenye milima ya Hajar, kilomita zipatazo 130 kutoka hapa Deira. Kama una mtoto wa mwaka mmoja au miwili, usimwache nyumbani.

Garini, sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 4 akae kwenye kiti chake maalumu, si mapajani mwa mama. Mkifika, fuateni njia yenye alama za kijani. Ndiyo nyepesi kuliko zote.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Wewe unayepanda unatoka jasho, lakini mtoto aliye kwenye mbeleko hatembei. Upepo wa asubuhi unampiga hadi anapoa, nawe huna habari. Kila mkipumzika, ingiza vidole nyuma ya shingo yake. Pakiwa baridi, mwongeze nguo. Pakiwa na jasho, mpunguzie. Mpe maji kabla hajalia. Mshushe anyooshe miguu, aokote vijiwe, tena msimharakishe. Kilele kinaweza kusubiri mwaka mwingine.

Mawingu yakitanda, tokeni wadini, yaani kwenye bonde la mto mkavu, mara moja, hata kama hamjaona tone: mvua ya mbali hushusha mafuriko ghafla. Tangu 2023, kuingiza gari kwenye wadi lililofurika ni faini ya dirham 2,000, na gari huzuiwa siku 60.

Polisi ni 999, gari la wagonjwa 998. Ziandike kwenye simu kabla ya kuondoka.