Jaramogi Kabla ya Siasa

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya maisha ya Jaramogi Oginga Odinga. Tunajua kila mmoja hapa ana habari yake ya Jaramogi. Mwingine atatuambia juu ya kofia yake ya shanga na ule usinga wake. Mwingine alimsikia uwanjani akinguruma. Sisi tutaanza mahali ambapo watu hawaanzi sana, yaani kwenye kitabu cha hesabu. Kwa maana kabla mzee huyu hajawa mwanasiasa alikuwa mtu wa kukusanya akiba za watu, kama vile mweka hazina wa kikundi chako.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1911 huko Sakwa, Bondo. Akasoma Maseno, akaenda Alliance, akafika Makerere, kisha akarudi Maseno kufundisha. Alikuwa amebatizwa Adonija. Baadaye aliliacha jina hilo, na alipopeleka watoto wake kubatizwa alitaka majina ya kwao tu, ikawa mabishano na wachungaji. Siku hizi mtoto anaitwa Otieno ama Achieng' mbele ya kanisa na hakuna anayegeuza kichwa. Wakati ule lilikuwa jambo zito.

Basi, katika miaka ya 1940, akiwa bado mwalimu, alianza akiba ndogo na watu wa kwao, Bondo Thrift. Mwaka wa 1947 ikaandikishwa kampuni kamili, Luo Thrift and Trading Corporation. Watu waliiita LUTATCO. Odinga akaacha ualimu, kazi yenye mshahara wa kila mwezi, akawa msimamizi wa kampuni ambayo pesa yake ilikuwa bado mifukoni mwa watu.

Hebu fikirini hali ya siku hizo. Biashara ya jumla hapa Kisumu ilikuwa mikononi mwa Wahindi. Leseni na viwanja vilikuwa mikononi mwa serikali ya Wazungu. Mwafrika alileta pamba yake sokoni, akapewa bei, akarudi nyumbani. Hata sheria ilibana mkopo wa Mwafrika, kwa hivyo ukitaka mtaji hukuwa na njia ila shilingi ya jirani yako. Na jirani naye alikuwa ameshaambiwa mara nyingi kwamba Mwafrika hawezi kuchunga pesa ya mwenzake.

Odinga alisafiri sana kwa ajili ya hisa hizo. Wajaluo walikuwa wametawanyika: wako reli, wako bandarini Mombasa, wako Nairobi, wako Kampala. Aliwafuata huko huko. Mtu wa kuajiriwa, mshahara mdogo, anaombwa atoe pesa kwa ajili ya duka ambalo pengine hataliona mpaka likizo. Sisi tunaokwenda vijijini kuomba watu walipe kiingilio tunajua maswali aliyoulizwa. Pesa itakaa wapi? Nani ana ufunguo? Mkikosana itakuwaje? Hata hivyo watu walitoa. Kampuni ikafungua duka Maseno, ikaingia katika ujenzi, tena ikawa na mtambo wa kupiga chapa, Ramogi Press, uliochapa magazeti ya Waafrika kwa lugha zao. Hapo tunaomba vijana watulie kidogo wafikirie: watu waliochanga shilingi shilingi ndio waliopata mtambo wa kusema maneno yao wenyewe.

Je, wenye hisa walitajirika? Hapana. Kampuni haikukua kama walivyotumaini. Wafanyakazi wake hawakuwa wamezoea biashara, washindani wao walikuwa na miaka mingi ya ujuzi, na serikali haikuwa na haraka ya kuwasaidia. Kuna wasomi wanaoihesabu LUTATCO kama jambo lililoshindwa. Sisi hatukubali moja kwa moja, ingawa tungekuwa mwenye hisa wa Mombasa anayengoja faida yake, pengine tungesema maneno makali zaidi ya hao wasomi.

Maana kitu kingine kilikua. Yule mtu aliyezunguka na kitabu cha hisa akajulikana. Akawa Ker, yaani mkuu wa Luo Union ya Afrika Mashariki. Wengi wenu mmeketi ndani ya Ofafa Memorial Hall hapa mjini; jumba lile lilijengwa kwa michango ya Luo Union, kumkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka wa 1953. Ulipofika uchaguzi wa 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wajumbe wao wa Legco, Odinga alimshinda Bwana B. A. Ohanga, aliyekuwa tayari waziri. Hakuhitaji kujitambulisha, watu walikuwa wameshampa pesa zao.

Lakini hapa kuna neno tunalotaka vikundi vyetu walitafune. Mtu aliyebeba kampuni mabegani alipokwenda Nairobi, kampuni ilibaki na nani? Tunaliona jambo hili kila uchaguzi. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wauza omena ni hodari, anaaminika, basi anaambiwa agombee udiwani, au siku hizi uwakilishi wa wodi. Anashinda, tunapiga vigelegele. Baada ya mwaka mmoja kitabu cha risiti hakionekani. Si lazima awe mwizi. Ni kwamba kila kitu kilikuwa kichwani mwake.

Mambo ya siasa yake mnayajua, kwa hiyo tutapita upesi. Mwaka wa 1958 alisimama Legco akamtaja Kenyatta kuwa kiongozi wa watu, wakati ambapo jina hilo lilikuwa la kunong'onezwa. Hata Waafrika wenzake walishtuka. Alikuwa makamu wa kwanza wa Rais kuanzia 1964. Katika 1966, baada ya mkutano wa Limuru uliomvunjia cheo chake chamani, alijiuzulu akaunda KPU. Kisha ikaja tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, msaada aliouhangaikia Odinga mwenyewe. Maneno yakawa makali, risasi zikalia. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Watu wa Kisumu hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini mpaka 1971. Miaka mingi baadaye alizuiwa kugombea. Mwaka wa 1982 akafukuzwa KANU, akafungiwa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka karibu 80 alipoanzisha FORD na wenzake mwaka wa 1991. Kwenye uchaguzi wa Desemba 1992 alikuwa wa nne katika urais, ila Bondo walimchagua mbunge.

Bado jambo moja, nasi hatuwezi kuliruka kwa sababu tulianza na kitabu cha hesabu. Mwaka wa 1993 Jaramogi alikiri hadharani kwamba alipokea shilingi milioni 2 kutoka kwa Kamlesh Pattni, yule wa Goldenberg. Alisema ni mchango wa chama. Wenzake kadhaa, wanasheria vijana waliompenda kama baba, walijiuzulu nyadhifa zao katika FORD-Kenya. Wapo wanaomtetea wakisema angalau alisema wazi, ilhali wengine walipokea zaidi wakanyamaza. Hilo tunalikubali. Lakini shilingi ya mfanyakazi wa reli ilikuja na mwenye jina anayeweza kuuliza maswali kwenye mkutano. Milioni 2 za Pattni zilikuja na mtu mmoja tu wa kuuliza, na huyo hakuwa mwanachama.

Alifariki hapa Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akiwa kiongozi wa upinzani bungeni, akazikwa kwao Nyamira Kang'o, Bondo. Ile hospitali ya 1969 sasa inaitwa kwa jina lake, ingawa makondakta bado wanaita abiria wa Russia.

Habari za mwanawe Raila ni mkutano mwingine kabisa, na leo hatuna muda. Kule mlangoni tumeona mkono umeinuka tangu tulipotaja vitabu vya risiti. Mwenyekiti, tunaomba mama yule aanze.