Utumbo Ukipanda Kifuani

Leo tunazungumzia watoto wanaozaliwa na tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 3,000. Utumbo hupenya tunduni mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, na pafu hukosa nafasi ya kukua.

Mtoto wa namna hii huhema mbio, mbavu zinaingia ndani, midomo inakuwa ya bluu. Tumbo lake limebonyea, kifua kimejaa. Daktari akiweka kipimo chake kifuani huweza kusikia utumbo ukinguruma mahali pa pumzi. Picha ya eksirei huthibitisha. Wengine huchelewa kugundulika, wakatibiwa nimonia mara kwa mara; ndiyo maana nimonia isiyokoma inahitaji picha.

Hospitalini, mtoto hupitishiwa mpira mwembamba hadi tumboni ili kutoa hewa, na husaidiwa kupumua. Hapasuliwi kwa pupa, kwanza hali itulie. Kisha daktari bingwa huurudisha utumbo mahali pake na kushona tundu. Katika Hospitali ya Muhimbili wapo mabingwa wa upasuaji wa watoto.

Mama, hukukosea chochote, wala si kurogwa. Jifungulie hospitali. Ukiona dalili hizi, usimlazimishe mtoto kunyonya. Mweke kifuani pako apate joto, mwahishe hospitali ya wilaya saa hiyohiyo, na uombe rufaa mapema.