Amana ya Kishikwambi

Twapenda leo tuzikumbushe nafsi zetu habari ya amana.

Katika Sensa ya tarehe 23 Agosti, 2022, makarani walipita nyumba hadi nyumba wakiyaandika majibu yetu katika vishikwambi. Kazi ilipokwisha, vishikwambi hivyo viligawiwa walimu wa shule za umma. Ni mali ya watu wote iliyo mkononi mwa mtu mmoja.

Nasi hapa Kitai, penye njia panda ya Mbinga na Lituhi, tumeona mtu akiacha kompyuta yake dukani ichajiwe, na jioni akarudishiwa pamoja na waya mbovu usiokuwa wake. Waya ni kitu kidogo, atasema mwenye duka. Haya, na uwe mdogo. Basi na aulipe, yaishe.

Lililo zito ni la fundi. Amepewa mashine atengeneze kioo, naye akafungua barua za mume na mke, akawaonyesha rafiki zake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, yatuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe. Waya hurudishwa. Siri iliyokwisha kuonekana itarudishwaje?

Nanyi wenye mashine, msidanganyike. Kulifuta faili, mara nyingi, ni kuliondoa jina lake tu katika orodha. Yaliyomo hubakia diskini, na mjuzi huweza kuyafufua. Basi kabla ya kuuza kompyuta, mwombeni mtu mwaminifu aisafishe diski yote, nanyi kaeni naye mpaka amalize. Ama kishikwambi cha shule, hicho hakiuzwi.