TUULIZE JINA LA UGONJWA KABLA YA TYUBU
(Maneno yaliyotolewa kwa wahudumu wa afya wa vijiji, kata ya Ring'wani, Serengeti)



Leo hatukuja kuhesabu vyoo, vyoo vitasubiri. Tunataka kuzungumza juu ya madaftari ya matibabu, hasa ukurasa unaoandikwa mtu anapokwenda kliniki ya ngozi.

Mama mmoja alituonyesha daftari la mwanawe. Mtoto alikuwa akijikuna usiku kucha, mbuzi akauzwa ipatikane nauli na fedha ya dawa. Ukurasa ulikuwa na dawa nne: vidonge vya mwasho, kapsuli za antibiotiki, vidonge vya fangasi na tyubu moja ya krimu. Jina la ugonjwa halikuandikwa. Mwasho ulitulia siku chache, kisha ukarudi, na sasa ndugu zake wawili nao wakawa wanajikuna. Kumbe ulikuwa upele.

Hatusemi haya kumlaumu tabibu. Anajua mgonjwa ametoka mbali na hana nauli ya kurudi wiki ijayo. Foleni ni ndefu, na pengine hakuna wa kupima magamba ya ngozi kwa darubini. Basi anaandika dawa za kila upande, akitumaini mojawapo itapata. Tungekuwa sisi huenda tungefanya vivyo hivyo. Lakini mbuzi ameshakwenda.

Tyubu ndiyo inayotusumbua zaidi. Nyingi huchanganya dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kama betamethasoni. Steroidi hutuliza mwasho upesi, ndiyo maana watu huipenda, ila haiui kijidudu cha upele. Penye fangasi hufifisha alama huku ugonjwa ukienea, hata mtaalamu akitazama baadaye haoni ile duara aliyoizoea. Ikipakwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba, na watoto huathirika zaidi.

Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilikutanisha wataalamu Nairobi juu ya matumizi sahihi ya dawa: dawa inayofaa ugonjwa, kwa kipimo chake, kwa muda wa kutosha na kwa gharama ndogo. Mwaka 1993 likatoa vigezo vya kupima vyeti: wastani wa dawa kwa mgonjwa, antibiotiki, sindano, dawa zilizoandikwa kwa jina lake halisi badala ya jina la kibiashara, na zilizomo katika orodha ya dawa muhimu. Ni vigezo vizuri, lakini kwa ngozi vina tundu: tyubu yenye dawa tatu huhesabiwa kuwa dawa moja! Hesabu inapendeza, mtoto bado anajikuna.

Pale KCMC, Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha matabibu tangu miaka ya 1990. Wataalamu wa namna hiyo hawajafika kila kata, kwa hiyo ninyi ndio macho ya kwanza.

Kwa upele, dawa ya maji ya benzili benzoati hupakwa mwili wote kuanzia shingoni hadi nyayoni, na watu wote wa nyumba hupaka siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na matandiko hufuliwa siku hiyohiyo. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine: krimu peke yake haifiki kwenye shina la nywele. Griseofulvini humezwa kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta. Huku maziwa yapo, tuyatumie. Anayepewa ya wiki 2 aambiwe ya kuendelea ataipata wapi, la sivyo fedha imepotea.

Mgonjwa akitoka hapa kwenda Mugumu au mbali zaidi, mwambieni amwombe tabibu aandike jina la ugonjwa, na aulize kila dawa ni ya nini na itumike siku ngapi. Kuuliza si utovu wa adabu.

Sasa tukae pale chini ya mti tupitie madaftari mliyokuja nayo. Jina la mtu halitasomwa kwa sauti. Aliye na tyubu nyumbani, na nyumba iko karibu, akailete.