Ukoko wa Magogoni



Siku moja wanafunzi wetu wa ualimu walipindua gogo lililolala nyuma ya jiko, wakaona upande wa chini umetandwa na kitu cheupe. Mmoja alisema ni chokaa, nasi walimu wake tulikuwa karibu kumkubalia! Kumbe ni kuvu isiyo na shina wala kofia, imejibandika juu ya mti kama ukoko wa wali sufuriani.

Zamani wataalamu walizipanga kuvu kwa nyuso zao. Elias Fries wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1821, alitazama kama uso ni laini, au una meno, au una vitundu. Lakini nyuso laini nyeupe ni nyingi mno, na zafanana. Mwaka 1900 Patouillard, mwuza dawa wa Ufaransa, alizipanga kwa maumbile ya ndani.

Hukatwa kipande chembamba kwa wembe, kikawekwa juu ya kioo katika tone la maji ya potasi, kikatazamwa kwa hadubini. Hapo ukoko wageuka kuwa nyuzi. Twauliza: penye kiungo cha uzi, je, pana kipindo kidogo mfano wa mkono wa birika? Vijiti vizaavyo vimebeba spora ngapi vichwani, nne au mbili? Kati yao mna nywele nene zilizovikwa fuwele? Kisha kipande kingine hutiwa dawa ya aidini: spora za Stereum hugeuka buluu nzito, za wengine hazigeuki. Spora nyingi hazizidi sehemu 10 za elfu ya milimita. Mwenye haraka na asiishike kazi hii.

Yafaa nini? Huko Uingereza, mwaka 1963, John Rishbeth alieleza jinsi ya kupaka ukoko uitwao Phlebiopsis gigantea juu ya visiki vibichi vya misonobari, ukitangulie kuvu kiuaji, Heterobasidion annosum, kipitacho mizizini hata miti jirani. Phlebiopsis hiyo ina nywele nene zenye fuwele. Ukipakwa ukoko mwingine mweupe kwa kukosea, kisiki huenda kisipate mlinzi.

Siku hizi chembe za urithi nazo husomwa, zikatuonyesha kwamba koko hizi si ukoo mmoja: Stereum ni jamaa ya Russula, uyoga wenye kofia na shina.

Na ule wa gogo letu? Nyuzi zilikuwa na vipindo, fuwele hazikuwapo, aidini haikugeuza kitu. Jina lake tungali twalitafuta.